Sekunde tatu za nani?

Juzi nimeletewa tovuti ya dada mmoja anauza vitenge, aliyemtengenezea kashalipwa na simu hapokei. Shida yenyewe picha zinapandana. Kwangu kwenye laptop na faiba ya nyumbani, safi kabisa. Kwenye simu yake dukani na bando la jero, vitenge vimelaliana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni.

Nikafungua kodi (sio ile ya TRA, tulieni) nikakutana na setTimeout, 3000, yaani subiri milisekunde 3000, halafu panga picha. Jamani! Yaani mtu kakaa kaamua picha zote zinashuka ndani ya sekunde tatu. Sekunde tatu za nani? Za Wi-Fi ya ofisini kwake?

Picha ikifika inasema yenyewe. Tukio la load, ile taarifa ya brauza kwamba picha imeshafika, lipo tangu brauza ya Netscape 3, mwaka 1996, kuna watu mnaandika JavaScript leo hamjazaliwa.

Sasa hata wanaojua load wengi wanaangukia hapa, unaweka addEventListener (ndo kutega sikio kwenye tukio) unasubiri weee, kimya. Picha ilikuwa kwenye kashe, akiba ya brauza, ikafika kabla hujatega sikio, tukio likapita zake, wewe uko kituoni unasubiri gari lililoshaondoka. Kwa hiyo kwanza uliza img.complete, ikiwa true songa mbele, ikiwa false ndo usubiri. Ila complete nayo ina unafiki wake, maana picha iliyokufa kwa 404 (faili halijapatikana) nayo inajibu true! Inamaanisha imemaliza, haijasema imefaulu, si ndo kama sisi na mtihani wa hesabu form four. Ndo hapo unacheki naturalWidth, upana halisi wa picha, ikiwa 0 ujue hamna kitu (SVG, zile picha zinazochorwa kwa kodi, zisizo na vipimo naomba mniache kwanza).

Na error, tukio la picha kushindwa kufika, muisikilize, nawaomba kwa heshima zote. Usipoisikiliza, picha moja ikifa kati ya arobaini kile kiduara cha kusubiri kinazunguka mpaka mteja anahamia duka la jirani. Ukitumia Promise.all kuzisubiri zote kwa pamoja nayo inasusa yote kwa ajili ya hiyo moja, weka Promise.allSettled, inayosubiri zote zimalize hata zilizofeli, yaishe.

Picha za background za CSS hazina load, tengeneza new Image() yenye anwani ile ile uisikilizie hiyo.

Haya, nakubali, ukurasa wenye picha mbili tatu load ya window, yaani ya ukurasa mzima, inatosha, sina ugomvi. Ila ukishaweka loading="lazy", picha isishuke mpaka mtu akaribie kuifikia, usije ukalia, zile za chini window haizisubiri. Na ukweli unaoniuma ni kwamba huyu dada angewekewa tu width na height kwenye kila img, brauza ingetunza nafasi mapema na nisingeitwa kabisa.

Basi nikafuta ile 3000, nikabana mtandao kwenye DevTools, zana za ukaguzi za brauza, mpaka ukawa wa kutambaa, zikajipanga vizuri zote. Kasoro moja, error ikapiga kelele, faili limeandikwa .JPG kwa herufi kubwa, kwenye kodi .jpg, na seva ni Linux, haina huruma. Nikampigia yule dada, nikamwambia kuna kitenge kimoja picha yake haifunguki.

"Kaka, kipi hicho?"

"Kile cha bluu chenye tausi."

Akanyamaza kidogo. "Kumbe ndo maana hakiulizwi na mtu. Nimeshakishusha bei mara mbili."