Kanuni ubavuni, fidla mbele: sauti ya 3D na taarab yetu

Ukikaa kwenye chumba cha mazoezi ya taarab asilia Mji Mkongwe, nyuzi za kanuni zinavuma ubavuni mwako, fidla zinajibu kutoka mbele, dumbaki iko nyuma ya bega, na mtu akiburura kiti unageuka. Wimbo huohuo ukiusikiliza kwa hedifoni za simu, wapigaji wote wamebanana ndani ya kichwa chako.

Sauti ya 3D, yaani inayosikika kama inatoka pande zote, inaahidi kuwarudisha kila mmoja mahali pake. Sony walitoa mfumo wao 2019, Apple wakaitia kwenye hedifoni zao za AirPods Pro 2020. Wapo wanaosema ni mbinu ya kutuuzia vifaa vipya tu. Mimi naona ufundi wenyewe ni wa kweli. Sauti ya kulia hufika sikio la kushoto ikiwa imechelewa kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, imefifia kwa kukingwa na kichwa, na mikunjo ya sikio imeigeuza kidogo. Programu ikiyaiga hayo, ubongo husadiki.

Lakini masikio hayafanani. Vipimo vya kichwa na masikio vinavyotumika mara nyingi ni vya wastani, ndiyo maana mmoja humsikia mwimbaji mbele, mwenzake akamsikia kisogoni. Na ndani ya daladala la Bububu mimi huziba sikio moja tu, nimsikie utingo akigonga bodi. 3D inayataka yote mawili.

Linaloniuma zaidi ni nyimbo za kale. Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka 1928, miaka mitatu kabla mhandisi Alan Blumlein hajaomba hataza ya stirio, sauti ya mikondo miwili, kule Uingereza. Santuri zile zina mkondo mmoja wa sauti. Programu ikiutawanya, inatunga chumba ambacho Siti hakuimba ndani yake. Naambiwa vijana hawatazisikiliza vinginevyo, na hoja hiyo siipuuzi: wimbo usiosikilizwa hupotea. Basi zitawanywe, ila msikilizaji aambiwe wazi, na sauti ya asili iwekwe papo hapo aifikie.

Faida kubwa naiona kwenye rekodi mpya, na haihitaji simu ya gharama. Mtu akikaa kati ya wapigaji, na maikrofoni mbili ndogo kwenye matundu ya masikio yake, inapatikana faili ya kawaida ya stirio inayosikika vizuri hata kwa hedifoni za waya za Darajani. Ni kweli ukigeuza kichwa ukumbi mzima hugeuka nawe. Kwenye vifaa vya bei kubwa, vinavyofuatilia mwendo wa kichwa, kanuni ingebaki pale ilipo. Kasoro hiyo naivumilia. Ikhwani Safaa ni kundi la taarab la tangu 1905, na ule mpangilio wa ala chumbani, nani anakaa karibu na nani, santuri haikuweza kuubeba.

Kiti cha katikati nimeshakikalia jioni moja. Zilikosekana maikrofoni mbili tu.