Bongo kila mtu anakaimu

Leo nimeenda kugongesha muhuri karatasi za mtoto pale kaymakamlık, ni kama ofisi ya DC kwa hapa Esenyurt, Istanbul. Zimesainiwa fasta, nikaangalia chini nikaona "Kaymakam a." halafu jina la mtu mwingine kabisa. Hiyo a. ni kifupi cha adına, kwa niaba. Nikacheka peke yangu kama chizi maana ni ile ile Kny. ya barua za manispaa zetu, Temeke mpaka Uturuki watu wanasainiana tu.

Tena subirini, kuna raha zaidi. Kaymakam ni Kiarabu, qaim maqam, yaani anayesimama mahali pa mwingine. Enzi za masultani wao waziri mkuu akienda vitani aliachwa kaymakam mjini kumshikia ofisi, baadaye cheo kikashuka wilayani kikabaki huko hadi leo. Sisi vipande vyote viwili tunavyo, ila kila kimoja kimejitafutia ajira yake, kaimu huku makamu kule. Naibu naye ni ukoo mmoja na hiyo "niaba". Liwali tuliyemzika na ukoloni huku yupo hai, anaitwa vali, ndo mkuu wa mkoa. Hata luteni wa jeshini, Mfaransa alivyomuita alimaanisha mshika nafasi. Na kwa Waturuki makam ni kiti chenyewe siyo mtu, gari la bosi wa serikali linaitwa makam aracı. Sisi tumemuita binadamu kwa jina la kiti, sawa tu, lugha ni yetu.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Huyu kaymakam jina linasema anamshikia mtu lakini akifika kazini hamshikii yeyote. Wanaingia kwa mtihani, wanapangiwa wilaya, anaamua, anakataa, na ukikataliwa unajua nani kakukataa. Haya rudi Dar. Kaimu mkurugenzi, kaimu meneja, kaimu mkuu wa kitengo, cheo kimechapwa kwenye karatasi ya A4 kikabandikwa mlangoni na selotepu, ukimpelekea shida yako anakwambia mimi nakaimu tu ndugu yangu, msubiri mwenyewe. Mwenyewe yupi? Mwenyewe kastaafu, yuko Mbezi anafuga kuku! Taratibu za utumishi zinasema kukaimu kusizidi miezi sita, wote tunajua kinachotokea. 2017 mpaka Jaji Mkuu alikuwa kaimu, Profesa Ibrahim Juma, kuanzia Januari hadi Septemba, mawakili wakalalamika weee. Kama mhimili mzima unaweza kukaimiwa hivyo, huyo bwana wa kitengo cha ardhi tunamlaumu nini.

Najua mnaandika nini saa hizi. "Huyu kapanda ndege juzi kashaanza kutudharau." Sidharau mtu. Mimi ni mtoto wa Mbagala, na siku ya tarehe 19 Machi 2021 nilitembea kifua mbele hapa. Rais kafariki tarehe 17, makamu kaapishwa tarehe 19, hakuna kifaru barabarani, Katiba imefunguliwa imesomwa basi. Mama Samia hakusema anakaimu tu, alikalia kiti kizima kwa muda uliobaki. Nilimwonyesha kila Mturuki kazini, hata asiyejali. Kwa hiyo tunaweza, ndo maana nakasirika, angekuwa mtu asiyeweza ningemwacha.

Halafu msidhani huku ni peponi. Wana kitu kinaitwa kayyum, ukoo ule ule wa kaimu. Meya mnamchagua nyie kwa kura, anafunguliwa kesi, serikali inamweka mtu wake pale. 2019 walifanya Diyarbakır, Mardin na Van kwa mpigo, 2024 ikaja hapa hapa Esenyurt, wakamleta naibu mkuu wa mkoa. Majirani wananung'unika chai zinapoa. Mmoja akaniuliza kama kwetu haya mambo yapo, ikabidi nimsimulie Tume ya Jiji, 1996 halmashauri ya Dar ilivyovunjwa, Keenja akaendesha jiji na tume ya kuteuliwa mpaka 2000 tukagawanywa Ilala, Kinondoni na Temeke. Akashangaa kusikia wazee wa Kariakoo wanamsifia Keenja hadi kesho. Nikamwambia bwana ungeiona Dar ya kabla yake usingeuliza.

Hapo najua mtu atanidaka, "kumbe unapenda watu wa kuteuliwa!" Sijasema napenda. Nasema yule aliteuliwa na akafanya kazi, hakujificha nyuma ya cheo cha muda. Na wewe unayetaka kunifundisha demokrasia kutokea Kinondoni, diwani umemchagua, sawa, madiwani wakamchagua meya, sawa. Mkurugenzi anayeshika fungu la hela na kusaini mikataba ulimpigia kura lini? Kateuliwa. Na akisafiri kwenda Dodoma kwenye kikao wiki nzima, kibali chako cha ujenzi anakisaini nani?