Freddie Mercury tunamjadili kwa yasiyo yake

Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Uingereza iitwayo Queen, akitajwa tu miongoni mwetu Waswahili, mazungumzo hayakawii kufika palepale: kazaliwa Unguja, je, ni wetu au si wetu? Wapo wanaojivunia naye, wapo wanaomkana kwa namna alivyoishi. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa Zanzibar kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kupingwa vikali. Ubishi huo unanichosha, kwa sababu kila ukianza, kazi yake husahaulika.

Alizaliwa kweli Zanzibar, tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, wenye asili ya Gujarat, India. Alisomeshwa shule ya bweni huko Panchgani, India, na ndiko alikopiga piano katika bendi ya wanafunzi. Baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Feltham, pembezoni mwa London. Basi. Mahali pa kuzaliwa mtu hapachagui.

Alichokichagua ndicho kinachonivutia. Alisomea uchoraji na usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, akauza nguo Kensington Market pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor, akaimba katika bendi ambazo hazikufika popote. Queen ilipoanza mwaka 1970, yeye, Taylor na mpiga gitaa Brian May, jina la bendi lilitoka kwake na nembo aliibuni yeye. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alijiunga mwaka uliofuata.

Halafu ikaja 1975 na "Bohemian Rhapsody". Naomba anayemwona Mercury kuwa ni mtu aliyejaliwa koo zuri tu ausikilize wimbo huu kwa makini. Hauna kiitikio. Unaanza kwa sauti zilizopangana, unaingia kwenye piano ya taratibu, unageuka opera, unalipuka kuwa roki nzito, kisha unatulia. Ile kwaya kubwa ya katikati ni watu watatu tu, Mercury, May na Taylor, waliorudia kuimba na kurekodi sauti juu ya sauti, siku baada ya siku, mpaka utepe ukaanza kuchakaa. Mpango wote alikuwa nao Mercury kichwani. Walionywa kwamba wimbo wa karibu dakika 6 hautapigwa redioni. Ukakaa namba moja Uingereza kwa wiki 9. Hiyo ni kazi ya mtunzi, na mtunzi mwenye subira ya ajabu.

Hata onyesho lao kwenye Live Aid, tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, Julai 13, 1985, husimuliwa kama muujiza. Mimi sioni muujiza. Kila bendi ilipewa muda mfupi katika uwanja wa Wembley, London, na Queen walikwenda kufanya mazoezi kwa siku kadhaa, wakipima nyimbo zao kwa saa ili zienee katika muda huo. Wasanii wengine wakubwa hawakujisumbua hivyo, na tofauti ilionekana mbele ya watu wapatao 72,000.

Alitangaza kwamba ana UKIMWI Novemba 23, 1991, akafariki kesho yake akiwa na miaka 45. Inaniuma kuona ugonjwa huo bado unatumiwa kumhukumu, ilhali miezi yake ya mwisho ndiyo inayoonyesha alikuwa mtu wa namna gani. Akiwa amedhoofika, hata kusimama kwa shida, alikuwa akienda studio huko Montreux, Uswisi, akiwahimiza wenzake wampe mashairi aimbe kadiri nguvu zilivyoruhusu, nao wamalizie baadaye. Wimbo mmoja, "Mother Love", hakuwahi kuumaliza; ubeti wa mwisho ameuimba May. Wenzake walikamilisha albamu yenye wimbo huo, "Made in Heaven", ikatoka Novemba 1995, miaka minne baada ya kifo chake, na ukiisikiliza hutasikia mgonjwa anayehurumiwa. Utasikia mwimbaji aliye kazini.