Kijerumani changu kiliniaibisha kaburini

Sasa bana, kwaya yetu ya Mwanza ilialikwa Würzburg, Ujerumani, si mnajua hii miji ni marafiki tangu 1966, mimi nikapangiwa kulala kwa bibi mmoja mjane, na bibi huyo alikuwa na ugonjwa mmoja tu, Walther von der Vogelweide. Asubuhi Walther, jioni Walther. Ni mtunzi wa zamani wa Kijerumani, kafariki kama 1230 hivi, anakutungia wimbo wa hujaji kaiona Nchi Takatifu kwa macho yake, halafu huyohuyo anageuka anaimba mapenzi (mwalimu wetu wa kwaya angemsimamisha siku hiyohiyo). Kaburi wanasema lipo nyuma ya kanisa la Neumünster, na eti mzee aliacha usia ndege walishwe juu yake kila siku. Hadithi tu hiyo, ila mi nikaipenda.

Kesho yake mkate mfukoni, huyo. Kibustani kimetulia, maua juu ya jiwe, kumbe pamejaa wazee watalii na mama anayewatembeza. Mama akaniuliza, kijana, umekuja kufanya nini? Mimi mtu wa sato, hesabu yangu ilikuwa fupi: samaki ni Fisch, kuvua samaki ni fischen, ndege ni Vogel, basi mambo ya ndege si yatakuwa vögeln? Nikasafisha koo, nikaitoa kwa besi kabisa: "Ich möchte hier vögeln!"

Kimya.

Babu mmoja anayejua Kiingereza akaninong'oneza. Jamani, lile neno lipo kweli, ila halina ndege hata mmoja ndani yake, ni shughuli ya chumbani, tena kwa lugha ya vijiweni! Na mimi nimesimama pale mkate mkononi, meno yote nje, nasubiri pongezi.

Yule mama akajikaza, akawaambia wenzie kwamba Walther asingeshangaa hata kidogo, ana wimbo binti anasimulia alivyolala na mpenzi wake chini ya mti, maua yamelaliwa mpaka yamevunjika, shahidi ni kandege kamoja kanakoimba "tandaradei", na kenyewe siri kataitunza. Babu ananitafsiria huku anafuta machozi, wazee wote hoi.

Nikautupa mkate kwenye majani, nikaanza kuondoka mdogo mdogo kama sijui kitu. Nafika mlangoni nasikia nyuma yangu wazee wazima, kwa pamoja: "Tandaradeeei!"