Papa 7, Taa 4

Mama mkwe wangu ni mtu wa Tanga, na kwa miezi miwili aliyokaa kwetu Mwanza hakumsamehe hata samaki mmoja wa Ziwa Victoria. Alikuja kumlea binti yake aliyejifungua, kapanda basi na mbuzi yake ya kukunia nazi kaipakata mapajani, na tangu siku ya kwanza akawa anakula samaki wetu kama mtu anayekunywa dawa. Sato alimwita maji yenye miba. Sangara alimwonja mara moja tu, akauliza ukoo wake. Mimi kwa kimbelembele nikamwambia sangara si mwenyeji, aliletwa ziwani miaka ya 1950. Akasukuma sahani pembeni: "Nilijua. Mgeni huyu." Kamongo hatukuthubutu hata kumwonyesha.

Alichokuwa anakililia ni papa. Papa mkavu, wa ng'onda, aliyelowekwa akasuguliwa ngozi, akaungwa kwa tui zito na ukwaju. Alimtaja asubuhi, alimtaja usiku, nadhani hata mjukuu alimbembelezea kwa jina la papa.

Sasa na mimi nina papa wangu, na hapo ndipo aibu ilipo. Mimi ni mhasibu, nina miaka thelathini na minane, watoto wawili, na ninakusanya vinyago vidogo vya papa na taa. Taa wa baharini, yule samaki bapa mwenye mkia kama mjeledi. Nilianza sokoni Mlango Mmoja, kwenye rundo la midoli ya mitumba, nilipookota papa nyundo kwa shilingi mia tano. Nilifika naye nyumbani nikamhesabu matundu ya matamvua: matatu kila upande. Papa wengi wana matano. Kitu hicho kilininyima usingizi. Nikaanza kutafuta aliyetengenezwa na watu waliomtazama papa kweli, nikajikuta najua kampuni kama Safari Ltd ya Marekani, Schleich ya Ujerumani na Papo ya Ufaransa kuliko ninavyojua majina ya binamu zangu. Kinyago kizuri unakijua ukikigeuza. Mkia umesimama wima, si kulala kama wa pomboo. Matundu ni matano. Na akiwa dume, tumboni ana vile vijiti viwili vya udume ambavyo watengenezaji waoga huviacha.

Vinyago hivyo nilivificha ofisini, kwenye boksi lililoandikwa "Risiti za zamani". Hakuna binadamu anayefungua boksi la risiti za zamani. Mke wangu alijua, akanyamaza kwa wema. Mama mkwe hakujua, na nilipanga asijue mpaka kiama.

Jamaa yangu wa Dar ndiye aliyeniangusha. Alirudi safari ya nje na vinyago kumi na kimoja nilivyomwagiza, akavipakia basi la usiku, kisha akanitumia ujumbe. Simu ilikuwa mezani sebuleni. Mwanangu yuko darasa la tatu na anasoma kila kitu kwa sauti, hata pakiti ya sabuni. Akaisoma: "Mzigo umepakiwa. Papa 7, taa 4. Kesho asubuhi Nyegezi."

Kiswahili kingeweza kuniokoa hapo. Angeandika "taa wanne", mtu angeshtuka, angeuliza ni taa gani hao wenye kuhesabiwa kama watu. "Taa nne" ni za kuwasha. Yeye kaweka tarakimu, kila mtu akajaza alichokuwa anakitaka.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Ungo ukatulia. "Papa saba?" Kisha akanitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kutazamwa nalo tangu siku ya mahari. "Mkwe wangu! Kumbe siku zote unaniona ninavyoteseka. Mwenyezi Mungu akuzidishie."

Kulikuwa na nafasi ya kusema. Naikumbuka vizuri, ilikuwa na upana wa kama sekunde nne. Ningesema, "Mama, hao si wa kula." Lakini ungemjibuje mama mkwe anayekuombea dua? Nikasema, "Amina, mama."

Barazani alikuwa amekaa mzee mwenye nyumba wetu, aliyefuata bili ya maji. Mzee huyu ana mitumbwi miwili ya dagaa huko Igombe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka wanatawanyika na mvuvi analala. Wakati huo mwezi ulikuwa unakwisha na karabai zake mbili zilikuwa mbovu. Akachungulia mlangoni. "Taa nne za sola?" akaniuliza. "Ni taa tu, mzee," nikamjibu, na mpaka leo najiuliza kwa nini nilijibu hivyo. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeelewa kwamba bei itazungumzwa faragha.

Nilikuwa na mpango. Bodaboda wetu auchukue mzigo stendi ya Nyegezi, aulete ofisini kwangu, mimi nirudi nyumbani na uso wa msiba niseme papa wameharibika njiani. Karani wa mizigo alinipigia kunilalamikia: boksi limeandikwa papa, wao wamelifunga nailoni mara tatu na kuliweka peke yake, sasa nilipe ya samaki, tena mbona halinuki? Nikalipa ya samaki. Kilichonishinda ni kwamba bodaboda yule ndiye pia anayempeleka mama mkwe sokoni, na alfajiri ile alikuwa amekwisha kupewa amri: "Papa waje nyumbani."

Saa saba mchana nikapigiwa na mke wangu. Hakusalimia. "Njoo," akasema, kisha nikasikia anacheka kwa pua, kile kicheko cha mtu anayezuia mshono.

Nilikuta hivi. Mama mkwe alikuwa ametoka kutafuta nazi na ukwaju, na kabla ya kutoka alimwachia dada wa kazi maelekezo kamili: mzigo ukifika, toa papa, tia maji ya moto, sugua kwa stiliwaya mpaka ngozi itoke na awe mweupe. Dada wetu ni mtoto wa Kwimba, nchi ya pamba na ng'ombe. Papa hakuwahi kumwona hai, mkavu wala pichani. Akafanya alichoambiwa, na anafanya kazi vizuri yule binti, sijawahi kuwa na malalamiko.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, beseni katikati ya miguu, mikono imejaa povu la kijivu. "Shikamoo baba," akasema bila kuinua kichwa. "Samaki hawa wana chumvi ya bluu."

Niliinama. Aliyekuwa papa mweupe, yule mkubwa wa kutisha, ambaye kwa kweli ni mweupe tumboni tu na mgongoni ni wa kijivu, sasa alikuwa mweupe kote, mgongo, mapezi na macho. Mwenye milia hakuwa na milia. Mmoja wa miambani alikuwa na ncha nyeusi kwenye pezi, hiyo ncha ilikuwa kwenye stiliwaya. Lakini aliyeniuma ni potwe. Potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na sisi Watanzania tunaye Mafia, watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuogelea naye. Mgongo wake una madoa meupe, na kila mmoja ana mpangilio wake, kiasi kwamba watafiti humtambua mmojammoja kwa madoa hayo. Wangu alikuwa laini kama yai. Hata mama yake asingemtambua.

"Huyu alikuwa na ukurutu," dada akanieleza. "Nimemtoa wote."

Wanne walikuwa wamekwisha kusuguliwa. Watatu walikuwa bado wanalowa, na mmoja wao ni papa upanga. Huyo ni papa kwa jina tu: matundu yake ya matamvua yako chini ya tumbo, kwa hiyo ukoo wake ni wa taa, ila jamaa yangu hakujua, akamhesabu na papa. Sasa ajabu. Papa upanga yule alikuwa amekuja na upanga umepinda kwa kubanwa kwenye boksi. Sisi wakusanyaji dawa yetu ya kinyago kilichopinda ni kukitia maji ya moto kilainike, kukinyoosha, kisha kukizamisha kwenye maji ya baridi kigande. Nilimwona pale beseni la pili, la kusuuzia, upanga umenyooka kama rula. Katikati ya maafa yale, nakiri, moyo uliruka kwa furaha.

Taa wanne walikuwa juu ya meza, wakavu, salama. "Hizi sikuzijua," dada akasema. "Zimekaa kama chapati."

Hapo mama mkwe akaingia. Na hakuingia peke yake. Alikuwa na wanawake watatu wa pwani wanaoishi Mwanza, aliowakusanya sijui wapi, na nazi sita, na nazi za Mwanza zimesafiri kama yeye na bei yake inajua hivyo. Wageni wakaketi. Mbuzi ya kukunia ikatandikwa. Mama mkwe akachota papa mmoja kwenye beseni, akambonyeza. Akamnusa. Akamgeuza tumbo juu, akamsogeza mbali na macho, akamrudisha karibu. Tumboni kulikuwa na maandishi madogo yaliyochongwa.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "papa huyu kaandikwa China."

"Ndiyo, mama."

"Ni nini hiki?"

"Ni papa, mama." Nikaona haitoshi. "Ni papa wa kutazama."

"Wa kutazama," akarudia. Mmoja wa wageni akaivuta khanga yake mpaka puani. Mkono uliokuwa unakuna nazi ukasimama. Nilitamani bili ya maji, nilitamani hata mkaguzi wa kodi.

Badala yake akaja mzee. "Mwadila," akabisha hodi kwa salamu ya Kisukuma, koti kavaa, bahasha mkononi. Alikuwa amekuja kuchukua taa mbili na kulipa taslimu. Mke wangu, ambaye nina hakika alifanya makusudi, akachukua taa mmoja mezani akamkabidhi kwa mikono miwili.

Mzee akaipokea. Akaitazama mgongoni, akaupima mkia kwa vidole, akadhani ni waya. Akaigeuza kutafuta swichi. Upande wa chini akakuta matundu matano kushoto, matano kulia.

"Betri zinaingilia hapa?"

"Hapana mzee, hapo ni pa kupumulia."

"Na hapa?"

"Huo ni mdomo."

Akafikiri. Ni mtu mzima, hataki kuonekana hajui kitu kipya. "Inawaka muda gani?"

Nikamweleza ukweli wote, palepale uani mbele ya watu, kwamba ni samaki wa baharini, anaitwa taa, kwamba huyu ni kinyago na mimi ndiye mwenye vinyago. Na kwa kuwa nikianza kuzungumzia mambo haya huwa sijui kunyamaza, nikaongeza kwamba katika jamii yao wapo hata wenye umeme mwilini, wanaopiga shoti, na mkubwa wao anaweza kufikisha volti 220.

Mzee akaniangalia. "Mia mbili na ishirini?"

"Ndiyo."

"Basi niletee hiyo."

Aliyeanza kucheka ni mama mkwe. Alianza tumboni, ikapanda mabegani, kisha akaketi juu ya mbuzi ya nazi akasahau kwamba ina meno, akaruka, akacheka zaidi. Wageni wakaangua. Dada wa kazi akacheka bila kujua sababu, papa mweupe kamshika mkononi. Mzee naye akacheka, ingawa nadhani alikuwa bado anazifikiria zile volti.

Tui lilikuwa limekwisha kukamuliwa, halikuwa na samaki. Mzee akamtuma kijana Igombe na pikipiki, akarudi na dagaa wa kumwaga. Wakakaangwa, wakaungwa kwa lile tui na ukwaju. Mama mkwe alikula sahani mbili kimyakimya. Wageni walipomuuliza, alisema dagaa angalau ni samaki asiyejifanya mkubwa.

Boksi la risiti likahamia nyumbani, maana hapakuwa na cha kuficha tena. Waliosuguliwa niliwapanga rafu ya chini, kama wodi. Jumatano moja nikakuta potwe hayupo. Mke wangu alipakwa piko siku hiyo kwa ajili ya arobaini ya mtoto, nyumba nzima ilinuka piko, sikuuliza.

Asubuhi mama mkwe aliporudi Tanga, nilimsindikiza mpaka stendi. Kabla ya kupanda akafungua mkoba akanitolea potwe kafungwa kwenye leso. Mgongo wote, kuanzia kichwani mpaka mkiani, ulikuwa umechorwa kwa piko. Nilimwambia potwe ana madoa. Yeye alikuwa amechora maua, yenye majani na vikonyo, na kwenye kila pezi pete tatu kama za bibi harusi.

"Huyo hata akichanganyika na wenzake wote wa Mafia," akasema akipanda ngazi, mbuzi ya nazi kwapani, "mimi nitamjua."