Milisekunde 10 za kujidanganya

Nimeletewa tena kiraka (rekebisho la msimbo) cha draiva ya diski, mstari mmoja mtupu: msleep(10), yaani lala milisekunde 10, juu kidogo ya kfree(), inayoachilia kumbukumbu. Maelezo yake: "Sasa haigandi." Haya, hongera.

Hebu tuone kinachotokea pale. Amri imeenda kwenye diski, diski imenyamaza mpaka muda umekwisha. Kwa SCSI (utaratibu wa kuamrisha diski) kwenye Linux ni sekunde 30 usipoubadilisha. Draiva inakata tamaa, inaachilia bafa, kile kipande cha kumbukumbu kilichotengewa data. Lakini diski yenyewe haijaambiwa kitu! Bado inahangaika na sekta mbovu, na ikifaulu inamwaga data kwa DMA (moja kwa moja kwenye kumbukumbu, bila kupitia prosesa) palepale ilipoelekezwa mwanzo. Kumbukumbu ile imeshapata mwenyewe mwingine: pengine hifadhidata ya mtu, pengine keneli yenyewe, kiini cha mfumo endeshi. Mashine inakuja kuanguka baadaye, mahali pasipohusiana na diski hata chembe, na lawama zinamwendea asiyehusika. Sasa diski iliyokaa kimya sekunde 30, wewe unaiongezea milisekunde 10 ijirekebishe? Ghairi amri. Ikigoma, riseti kontrola, kidhibiti cha diski. Bafa usiiguse mpaka kifaa kimeiachia. Na intarapti (ishara ya kifaa kwamba kimemaliza) na taimauti (muda kwisha) zikigombania ombi moja, ishinde moja tu, kwa operesheni ya atomiki, isiyokatizwa katikati, si kwa kubahatisha nani atachelewa.

Lawama kumwendea asiyehusika si hadithi. Mwaka 2018, keneli 4.19 ilipoharibu mafaili ya watu, vidole vilinyooshewa ext4, mfumo wa mafaili. Kumbe kosa liko blk-mq, sehemu ya keneli inayopanga foleni za maombi ya diski: SCSI ikijibu kwamba haina nafasi, ombi linarudi foleni likiwa na orodha ya kumbukumbu iliyokwisha pangwa, kisha linaunganishwa na jingine huku orodha ikibaki ileile ya zamani. Jens Axboe, mtunzaji wa sehemu hiyo, alizuia maombi ya namna hiyo yasiunganishwe. Hakulaza chochote.

Na usiniambie eti hitilafu ilitoweka ulipoongeza printk, amri ya keneli ya kuandika ujumbe. Herufi 80 kwenye konsoli ya siriali ya biti 115200 kwa sekunde hula karibu milisekunde 7; diski ya NVMe husoma bloku chini ya hata moja. Umeipunguza kasi tu, resi, yaani mbio za nani awahi, iko palepale.

Nakubali, kwa shingo upande: datashiti (hati za mtengenezaji wa kifaa) nyingine hudai usubiri baada ya riseti. Sawa, taja ukurasa kwenye komenti.

Kiraka nimekirudisha. Jibu likaja upesi: "Basi niweke 50?"