Thomu kwa broila: mizani kwanza

Hapa Mombasa, kuanzia Kisauni hadi Likoni, mfugaji wa broila, yaani kuku wa nyama, akiona kinyesi cha majimaji chenye chenga za mahindi zisizosagika, shauri analopewa ni lile lile: chemsha thomu (kitunguu saumu), wape wanywe. Shauri lina ukweli ndani yake. Linaharibiwa na namna linavyofuatwa.

Punje nzima ya thomu haina ile alisini tunayoitafuta, kemikali ya thomu inayopigana na vijidudu. Alisini hutokea punje inapokatwa au kupondwa, kimeng'enya kilichomo kikapata kufanya kazi. Ukiitumbukiza nzima kwenye maji yanayotokota, kimeng'enya kinaharibika mapema na kuku wanaishia kunywa harufu. Tena maji hayo, kwa joto la kaskazi, yakishinda kinyweoni yanachacha, na utelezi unaoshika ndani ya chombo ni makao ya vijidudu.

Unga ndani ya chakula ni bora. Menya, kata vipande vyembamba, anika kivulini penye upepo mpaka kipande kivunjike ukikikunja. Kikipinda tu, bado kina maji, na kwa unyevu wa pwani wakati wa masika kitaota ukungu mkebeni. Sumu ya ukungu huumiza ini, na ini ndilo linalotengeneza nyongo ya kusaga mafuta. Hapo umeharibu usagaji ule ule uliotaka kuusaidia.

Anza na gramu 250 kwa gunia la kilo 50, yaani nusu asilimia. Changanya kwanza na kilo 2 za chakula, kisha na kilo 10, ndipo umalizie gunia. Ukimwaga unga wote kwa mkupuo, kuku mmoja atameza rundo na mwenzake asionje. Chakula cha peleti, kilichofinyangwa vipande vidogo vigumu, kina taabu yake: unga hushuka chini ya kilishio, kuku wakadonoa peleti na kuacha vumbi. Paka peleti robo lita ya mafuta ya kupikia kwa gunia ili unga ushike, na uchanganye cha siku 3 tu, kwani mafuta nayo huchacha.

Manjano huchochea nyongo, tangawizi huchochea vimeng'enya vya kongosho. Vyote viwili vina maana, lakini usivirundike pamoja na thomu kundi la kwanza, la sivyo hutajua kipi kilichofaa. Majani ya mzunze (mlonge) yana protini nzuri, ila yakizidi asilimia 5 ya chakula nyuzinyuzi zake huanza kurudisha nyuma usagaji. Mwarobaini, pamoja na sifa za jina lake, mimi nauweka kando: uchungu wake hupunguza ulaji, na broila ana wiki 5 au 6 tu za kukua.

Tangu Umoja wa Ulaya ukataze viuavijasumu vya kukuzia mifugo, 1 Januari 2006, mimea hii imetafitiwa sana, na matokeo hayafanani. Kwa hiyo piga hesabu yako. Kuku 100 wakila kilo 340 za chakula kufikia jumla ya kilo 200 za uzito, kila kilo ya uzito imekula kilo 1.7 za chakula. Ukishuka hadi 1.65, umeokoa kilo 10 za chakula. Lakini unga wa nusu asilimia kwa ulaji wote huo ni kama kilo 1.7, na thomu mbichi ya kuutoa ni karibu kilo 5. Uliza bei ya thomu sokoni Kongowea siku hiyo, uilinganishe na kilo 10 za chakula. Mara nyingi utakuta umepata hasara, na haikulipi mpaka ushuke hadi 1.6 au chini.

Na chanjo za magonjwa ya Gumboro na Newcastle (mdondo) ziko pale pale; thomu haichukui nafasi yake. Kinyesi chenye damu ni dalili ya koksidia, vimelea vya utumbo: mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Ukitaka kujaribu, gawa vifaranga wa siku moja mafungu mawili sawa, chakula kimoja, banda moja, ukuta wa wavu katikati. Fungu moja lipewe unga. Pima kuku 20 kila upande siku ya 7, 14, 21, 28 na 35, asubuhi kabla hawajala, na uandike kila kilo ya chakula inayoingia upande gani.